Bibi Mgaya wa Nyang'ombe, Mama wa Kambarage



Kamati ya kitabu ilipokaa kupanga kurasa hizi, kila mtu alikubali kwamba hesabu za hisa, mikopo na faini zitakuwepo, na picha ya sanduku letu lenye kufuli tatu itakuwepo. Ubishi ulianza tulipofika kwenye ukurasa wa maisha ya mwanamke mashuhuri. Wengine walimtaka Bibi Titi Mohamed, wengine Siti binti Saad, na wote hao wanastahili. Basi mama mmoja, yule anayeuza mchele karibu na mashine ya kukoboa, akatuuliza swali moja tu: ule uwanja wa mpira wa Shinyanga mjini unaoitwa Kambarage, jina hilo ni la nani, na aliyembeba huyo Kambarage mgongoni alikuwa nani? La kwanza tulilijibu sote kwa pamoja, Mwalimu Nyerere. Kwa la pili tukatazamana. Tuna shule, barabara na mitaa ya jina la mtoto, na mama yake hatumjui!

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya swali lile lituchome. Juma lile tulikuwa tumetoka msibani kwa mwenzetu, aliyefiwa na mama yake mzazi. Watoto saba, watu wazima wote, wana kazi na familia zao, na kila mmoja anasema kwa machozi kwamba bila mayu asingefika alipo. Lakini wakati wa kuandika wasifu wa marehemu kwenye karatasi ili usomwe kaburini walishindwa kukubaliana alizaliwa mwaka gani. Jina lake la utotoni alilijua mmoja tu. Mashamba aliyolima, majaruba aliyokodi ili walipe ada, magonjwa aliyoyaficha, kila mtoto alikuwa na kipande chake na vipande havikuungana. Walimlilia mara mbili, kwanza kwa kumkosa, halafu kwa kutomjua. Tuliokuwepo tulirudi nyumbani kimya.

Kwa hiyo ukurasa huu tumempa Bibi Mgaya wa Nyang'ombe, aliyeitwa Christina kwa jina la ubatizo.

Kwa hesabu zilizoandikwa alizaliwa mwaka 1892, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Victoria, mkoa tunaouita Mara. Wazanaki ni kabila dogo, si kama sisi Wasukuma tuliojaa kila soko la Kanda ya Ziwa. Mwaka 1907, akiwa na miaka 15, aliolewa na Burito Nyerere wa Butiama, mtu mzima aliyezaliwa mwaka 1860. Yaani bwana alikuwa na miaka 47. Tukumbuke hesabu hiyo, tutairudia mbele.

Jina la Nyerere maana yake ni kiwavi. Mwaka aliozaliwa Burito viwavi vilivamia nchi, ndipo mtoto akapewa jina la balaa hilo. Mkulima wa mahindi wa huku kwetu, aliyeamka asubuhi akakuta viwavijeshi wamelifyeka shamba, hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1915, wakati wa Wajerumani, Burito akawa chifu wa Wazanaki. Alioa wake 22. Mgaya alikuwa wa tano.

Hebu tulikae hili kidogo, maana wengine wakisikia mke wa chifu wanaona mto wa hariri na watumishi. Boma lilikuwa hivi: nyumba ya mviringo ya chifu katikati, zizi la ng'ombe, na nyumba za wake kuzunguka. Kila mke ana nyumba yake, ana watoto wake na jembe lake. Wanalima mtama, mahindi na mihogo. Chakula cha watoto wa nyumba fulani kinatoka kwenye mikono ya mama wa nyumba hiyo. Mume ni mmoja, macho ya mume yamegawanywa mara 22, na mwaka wa njaa chungu cha kila mmoja kinajulikana kina nini. Wengi wetu humu kikundini tumelelewa kwenye miji ya namna hiyo, au ya wake wawili watatu, na tunajua kwamba mama wa mji kama huo anaishi kwa akili. Anajua lini aseme na lini anyamaze, na anajua nani wa kumwazima chumvi.

Mgaya alizaa watoto wanane, wanaume wanne na wanawake wanne. Wawili walifariki wakiwa wachanga. Kwenye vitabu jambo hilo linachukua nusu mstari. Sisi tunaomba msomaji asimame hapo kidogo, kwa sababu humu kikundini wapo waliofunga khanga kiunoni na kurudi shambani siku chache baada ya kuzika kichanga, kwa kuwa waliobaki walihitaji kula.

Mtoto wa pili alizaliwa Mwitongo, hapo hapo Butiama, tarehe 13 Aprili 1922. Mwitongo ni jina ambalo Msukuma yeyote analisikia vizuri, maana sisi nasi tunasema itongo kwa mahali palipokuwa na mji wa zamani. Kwanza mtoto aliitwa Mugendi, mtu wa kutembea. Mganga akashauri jina libadilishwe, akaitwa Kambarage, ambalo ni jina la pepo wa mvua, tena pepo wa kike. Baba kiwavi, mwana mvua. Na kutembea akatembea vile vile, Mugendi hakupotea.

Alikua kama watoto wote wa boma, akichunga mbuzi na ng'ombe na kusaidia shambani. Mwaka 1934, umri wake unakaribia miaka 12, akapelekwa Shule ya Mwisenge kule Musoma, mbali na nyumbani. Chifu Makongoro wa Ikizu, rafiki wa baba yake, ndiye anayetajwa kuwa alishauri kijana asomeshwe. Katika habari hii wanaume wawili wanaonekana wazi, aliyeshauri na aliyekubali. Sisi tunamwona na wa tatu. Mtoto wa kiume wa miaka 12 ni mikono ya kazi. Akiondoka, kuni zake, mbuzi zake na maji yake yanamwangukia mtu, na mtu huyo si chifu. Ada ya kwanza ya mtoto yeyote wa kijijini huwa ni nguvu ya mama yake, kabla hata shilingi haijatolewa.

Mwaka 1937 Kambarage akaenda mbali zaidi, Shule ya Serikali Tabora. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza tangu mwaka 1928, na inapita Shinyanga, kwa hiyo huenda kijana wa Mgaya aliichungulia nchi yetu hii kupitia dirisha la gari moshi akiwa na sanduku lake, na sisi babu zetu wakachunga ng'ombe bila habari. Tunapenda kulifikiria hilo, ni lazima tukiri.

Machi 1942 Chifu Burito alifariki. Mgaya akawa mjane akiwa na miaka kama 50. Uchifu ukaenda kwa Edward Wanzagi, mwana wa Burito kwa mama mwingine. Mwaka uliofuata Kambarage akaingia Makerere, Uganda, na mwezi Desemba 1943 akabatizwa, akachukua jina la Julius.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililoifanya kamati imchague Bibi Mgaya.

Mwaka 1944, akiwa mwanafunzi wa Makerere, kijana huyu aliandika insha. Angeweza kuandika habari za vita vya dunia vilivyokuwa vikiendelea, au za ushujaa wa baba yake chifu. Aliandika habari za uhuru wa wanawake. Alichukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, akayapima kwa wanawake wa Kizanaki aliokulia kati yao, akaonyesha mzigo waliobebeshwa na haki walizonyimwa. Insha hiyo ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano. Mwanafunzi wa miaka 22, wa mwaka 1944, mtoto wa bwana mwenye wake 22! Tunaambiwa kila siku kwamba mawazo ya haki za wanawake yameletwa juzi na semina. Huyu Mill alimsoma kitabuni, ni kweli, lakini mfano aliutoa nyumbani, kwenye moshi wa mafiga. Mtoto alikuwa akitazama. Akina mama tunadhani watoto hawaoni, kumbe wanaandika kichwani.

Wengi hungoja mama afe ndipo waseme aliyoyavumilia. Mgaya alikuwa hai, tena ana miaka 53 mingine ya kuishi.

Kambarage alifundisha Tabora, shule ya St. Mary's, kisha mwaka 1949 akaenda Uskoti, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akakaa hadi mwaka 1952. Miaka mitatu. Leo mtoto akiwa Dar es Salaam au Oman tunamwona kwenye simu jioni hiyo hiyo, tukimwambia apunguze kukonda. Mama wa Butiama wa mwaka 1950 alikuwa na barua, na barua ilihitaji msomaji. Aliporudi, mwanawe alishika kazi ya kujenga nyumba pale kijijini kwa mikono yake mwenyewe, watu wakashangaa msomi wa Ulaya anakanyaga udongo, na Januari 1953 akamwoa Maria Gabriel Magige, aliyekuwa mwalimu. Alioa mke mmoja, akaishia hapo. Hatutaki kusema mengi kuhusu hilo maana kitabu hiki kitasomwa na waume zetu pia.

Mwaka 1955 ndio mwaka ambao sisi tungempigia Mgaya hodi. TANU ilikuwa imeundwa tarehe 7 Julai 1954, Kambarage ndiye rais wake. Machi 1955 aliambiwa achague siasa au ualimu wa Pugu, akaacha ualimu. Akarudi Butiama na familia changa, bila mshahara. Jamani, mtoto uliyemtoa kuchunga mbuzi, akapita Tabora, Makerere hadi Uingereza, anarudi nyumbani hana kazi! Jirani wanauliza pembeni. Huku kwetu tunawaona wenye vyeti wakirudi na begi, wakielekea machimboni Kakola au kwenye mialo kupekua mchanga, na tunajua uso wa mama yao sokoni unavyokuwa. Kwa miezi kadhaa Kambarage alikaa huko kwao, akiwafundisha mapadre Kizanaki. Kisha akarudi Dar es Salaam kwenye chama, na Mama Maria akafungua duka dogo kusaidia nyumba isimame. Wenye magenge humu kikundini mjue mna mwenzenu.

Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru. Mgaya alikuwa na miaka karibu 69. Mtoto wake mwingine, Joseph, naye alikuwa kwenye siasa, kiongozi wa vijana wa TANU na mbunge. Kwao kulibaki Butiama. Kambarage na Joseph tunawajua. Mabinti wa Mgaya nani alishawahi kuwatangaza redioni? Tunauliza tu.

Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Wengi tulilikariri shuleni tukitafuta alama, tukashika mambo ya mabenki na njia kuu za uchumi. Tukilisoma tena ukubwani tunakuta sehemu inayosema wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, na Jumapili na sikukuu hawapumziki, wakati wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Nani alimwambia Rais saa hizo? Ofisa wa takwimu hakukaa Butiama kuhesabu. Mwaka huo huo, alipoandika juu ya ujamaa vijijini, alikiri kwamba maisha ya zamani tunayoyasifu yalikuwa na kasoro, na kasoro mojawapo ilikuwa hali ya mwanamke. Tunaposoma hayo tunamwona mama mmoja na jembe lake, mke wa tano, anarudi jua limezama.

Lakini kamati haikuandika ukurasa huu ili kusifu tu. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu ilileta Sheria ya Ndoa. Ilimpa mke haki nyingi ambazo mama zetu hawakuwa nazo. Ndoa iandikishwe, na mke aweze kupinga mume akitaka kuongeza mwingine kinyume cha walivyokubaliana. Hayo tunashukuru. Sheria hiyo hiyo iliweka kwamba msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 15, mzazi akikubali. Miaka 15! Umri ule ule wa Mgaya mwaka 1907. Mvulana akawekewa 18. Hapa tulibishana sana kwenye kamati. Wapo waliosema Mwalimu alikuwa na mila za makabila yote na dini zote mezani, akapata alichoweza kupata. Wapo waliosema, na aliyeandika mistari hii ni mmoja wao, kwamba aliyeandika insha ile ya 1944 alikuwa anajua, na kujua kwake kunaongeza deni.

Deni hilo tumelilipa sisi huku. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliutaja mkoa wetu wa Shinyanga kuwa wa kwanza nchini kwa ndoa za utotoni: katika kila wanawake vijana 100, 59 waliolewa kabla ya miaka 18. Tulikuwa bado mkoa mmoja mkubwa kabla ya kugawanywa mwaka 2012. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Humu kikundini wapo wanane walioolewa kabla ya miaka 16. Ng'ombe zilihesabiwa, wakaenda. Mmoja alisema mbele ya mkutano kwamba hisa zake za kila Jumamosi zina jina la binti yake wa darasa la saba, na mkopo wake wa kwanza ulinunua sare. Yule binti sasa yuko kidato cha tatu.

Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais, na mwaka 1990 uenyekiti wa chama. Akarudi Butiama kulima na kucheza bao. Mama yake alikuwepo. Marais wangapi duniani wamestaafu wakarudi nyumbani wakamkuta mama? Alikuwa na miaka 93, mwanawe 63, mvi kichwani, na kwa mama huyo bado ni Kambarage. Walipata miaka mingine 12 ya kuwa jirani.

Bibi Mgaya alifariki mwaka 1997, akiwa na umri wa kama miaka 105. Alikuwa ameishi miaka 55 baada ya mume wake. Alizaliwa kabla Wajerumani hawajaikamata vizuri nchi ya Wazanaki, akaona Wajerumani wakiondoka, Waingereza wakija na kuondoka, mwanawe akiingia Ikulu na kutoka kwa miguu yake. Mwanawe alikuwa na miaka 75, na mzee wa miaka 75 akifiwa na mama naye ni yatima, tusicheke. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu alifariki huko London. Nchi nzima ilisimama, hata huku watu walilia barabarani. Tarehe 23 Oktoba alizikwa Mwitongo, Butiama, karibu na wazazi wake. Anayefika kule kutembelea kaburi lake na makumbusho aulize kaburi la mama ni lipi, ataonyeshwa.

Tunarudi kwa mwenzetu aliyefiwa. Baada ya arobaini, wale watoto saba walikutana tena, safari hii na daftari. Walikwenda kwa mama mdogo wa marehemu, ajuza aliyebaki, wakakaa naye siku mbili wakiuliza. Mwaka wa kuzaliwa wakaupata kwa njia ya njaa iliyokuwepo na nzige waliopita. Wakapata na habari ambayo hakuna aliyeijua: mama yao alikuwa amefika darasa la nne na alikuwa wa pili darasani, kabla ng'ombe hawajaletwa. Mtoto wa kwanza, mwanamume mwenye familia yake, alitoka nje akakaa chini ya mwembe hadi jioni.

Kurasa sita za mwisho za kitabu hiki tumeziacha na mistari mitupu. Kila mwanachama ana nafasi ya kuandika jina la mama yake, la utotoni na la ukubwani, mwaka na mahali alipozaliwa, na kazi aliyoifanya zaidi. Ambaye mama yake yu hai aende akamuulize mwenyewe. Asiyejua kuandika amwone katibu Jumamosi kabla ya kufungua sanduku, ataandikiwa, na kwa hilo hakuna faini ya kuchelewesha mkutano.